Wawili Tu wa Kiminini

Kama uliishi Kitale miaka ile na hukuwahi kusikia habari za Wawili Tu, usijilaumu, maana karibu mji mzima ulikuwa hivyo hivyo. Ilikuwa bendi ya watu wawili: Nehemiah Kipchirchir kwenye gitaa la umeme, Phelista Nekesa kwenye dramu. Walipiga roki kwa Kiswahili mahali ambapo watu walitaka benga, au nyimbo za kanisa, au chochote kile ambacho mama wa bwana harusi angeweza kukicheza bila kumwaga soda. Walipiga miaka sita. Katika miaka hiyo sita hakuna hata siku moja mtu aliyewaomba warudie wimbo.

Jina lenyewe lilitokana na hasira. Kila walikoalikwa, emsii alishika maikrofoni akatangaza kwamba bendi imefika ila tunangojea wenzao. Basi watu walingoja. Nehemiah alifunga nyaya, Phelista akakaza dramu, na wazee wa viti vya mbele wakaendelea kuangalia langoni, wakimtafuta mpiga besi na mpiga kinanda na wale wasichana wa kuitikia. Siku moja huko Sirisia, kwao Phelista, emsii aliuliza kwa mara ya tatu wenzenu wamefika wapi. Phelista alimpokonya maikrofoni.

"Ni sisi wawili tu," akasema. "Hakuna mwingine anakuja. Kaeni mskize."

Watu walikaa. Kusikiliza hawakusikiliza, lakini jina lilibaki.

Utauliza roki ilifikaje kwao. Nehemiah alipokuwa kidato cha pili, mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Uingereza alimwachia kaseti ya vijana wawili wa huko, mmoja gitaa, mmoja dramu. Karatasi ya jina ilikuwa imebanduka zamani. Nehemiah alipouliza ni akina nani, mwalimu alicheka akasema hata kwao hakuna anayewajua. Walitoa kanda mbili, wakapigiwa makofi na marafiki zao, wakaenda kutafuta kazi. Nehemiah aliisikiliza ile kaseti mpaka utepe ukakatika, akauunga kwa gundi, ukakatika tena. Mtu mwenye akili angeiga watu waliofaulu. Yeye aliwapenda hao.

Bahati nayo iliwapitia mbali. Redio moja ya huku ilicheza wimbo wao mara moja, saa kumi na moja alfajiri, ikaukata katikati ili isome matangazo ya vifo. Baa moja ya Bungoma iliwaalika, na walipofika wimbo wa pili mwenye baa akawasha mpira. Kwenye maonyesho ya kilimo walipangwa baada ya ng'ombe wa maziwa, na kusema kweli ng'ombe ndio waliopigiwa makofi.

Mahali pamoja tu palikuwa tofauti, napo ni stoo ya nyuma ya kinu cha posho pale Kiminini. Kinu kilikuwa cha mzee Eliakim, na Phelista alikuwa amepata kazi hapo alipomaliza shule. Nehemiah alikuja siku moja na debe la mahindi ya mama yake, akamkuta msichana amejaa unga mpaka kwenye kope, anagonga gorogoro, kile kibati cha kupimia unga, kwa kijiti akifuata mlio wa belti. Belti ya injini ile ilikuwa imeungwa kwa chuma, na kila ikizunguka, kile kiungo kilipiga kwenye gurudumu: ta, ta, ta. Msichana alikuwa akiingiza mapigo yake katikati ya yale ya belti, bila kukosa hata moja. Nehemiah alisimama pale mpaka mahindi yake yakasagwa, na ya watu watatu waliokuwa nyuma yake. Siku hiyo kwao walichelewa sana kula.

Mzee Eliakim aliwapa stoo kwa sababu injini yake ya dizeli ilikuwa na kelele kuliko wao, kwa hiyo hakuna jirani angelalamika. Kila alasiri walifanya mazoezi mle, ukuta mmoja tu kati yao na kinu. Nehemiah alikaza uzi mnene wa gitaa kufuata mngurumo wa injini, kwa kuwa hakuna sauti nyingine iliyosikika ya kufuata. Phelista alifuata belti. Mzee akimwaga debe jipya la mahindi, injini ililemewa, mlio ukashuka, na hapo ndipo walipoingia kiitikio. Walizungusha ubeti mpaka debe limwagwe. Injini ikizimwa, nao waliacha. Hawakuwahi kupiga wimbo mle ndani kinu kikiwa kimya, na hawakuwahi kujiuliza kwa nini. Wanawake waliokaa nje wakingoja unga walitingisha vichwa bila kujua wanatingisha nini, na mmoja aliwahi kulia, akasema ni vumbi.

Halafu ikaja Eldoret.

Walijinyima, wakaenda studio kurekodi albamu. Ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa magodoro ukutani, kimya mpaka unasikia mate yako ukimeza. Prodyusa aliwavika vipokea sauti vyenye mlio wa kuhesabu, tik, tik, tik, akawaambia wapige. Walipiga. Akawasimamisha. Wakapiga tena, akawasimamisha tena.

"Dramu inalegea," akasema. "Kila ikifika kiitikio, madam anapunguza mwendo."

Phelista alirudia mara kumi na moja, na mara kumi na moja alipunguza mwendo palepale. Adhuhuri alitoka kununua soda. Alipokuwa nje, prodyusa alimgeukia Nehemiah na kumweleza kwamba kompyuta ina dramu nzuri, haichoki, haipungui, na watamaliza leo leo. Nehemiah alikuwa amekaa kwenye kochi na gitaa mapajani. Aliwaza muda walioulipia, akawaza safari ya kurudi Kitale mikono mitupu. Akasema sawa.

Phelista alirudi na soda tatu na mandazi kwenye gazeti. Alisimama mlangoni akasikiliza kompyuta ikipiga wimbo alioutunga yeye, ikiupiga sawasawa, bila kosa lolote. Kisha alimtazama Nehemiah.

"Hapa hakuna kinu," akasema.

Nehemiah alidhani ananuna, anatafuta kisingizio. "Wacha bana, Phelista," akamwambia. "Si bado ni sisi wawili?"

Phelista alifungua soda zote tatu, akampa kila mtu yake, akainywa yake mpaka mwisho kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri, kisha akaenda kupanda gari la Bungoma.

CD zilitoka mia mbili. Jalada lilisema Wawili Tu, na ndani alikuwa mmoja. Nyimbo zilisikika kama nyumba isiyo na sakafu, lakini Nehemiah hakujua kasoro iko wapi. Aliona tu kwamba kila anayempelekea anarudisha CD kwa adabu nyingi. Bunda moja alilipeleka Sirisia kwa mama yake Phelista, kama njia ya kuomba amani. Mama yule alizipokea vizuri, akazitundika kwenye mtama zifukuze ndege. Wanasema msimu ule alivuna vizuri.

Hiyo ni miaka tisa sasa. Nehemiah ana miaka thelathini na tisa, na kibanda cha kutengeneza simu na redio karibu na steji ya Kitale. Jumapili hupiga gitaa kanisani, polepole, jinsi wanavyotaka. Phelista alifungua agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo, Bungoma, akaolewa na mwalimu wa Webuye, akapata watoto wawili. Habari hizi Nehemiah alizipata kwa watu, kidogo kidogo, akijifanya hakuuliza.

Na alimkosa. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshachoka kujificha. Alijiuliza kama ni mapenzi yale ya mwanamume na mwanamke, akashindwa kujijibu, akaacha kujiuliza. Alichojua ni kwamba zamani, Phelista akipiga dramu nyuma yake, mgongo wake ulipata joto, na tangu Eldoret mgongo ule ulikuwa baridi. Alipiga gitaa na watu wengi baadaye. Wote walikuwa wazuri kwa mwendo. Baada ya ibada alirudi nyumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa pili, Linet akamtumia video. Linet ni binti yake mzee Eliakim, ndiye aliyerithi kinu baba yake alipofariki, mwanamke asiye na muda wa kupoteza. Ilikuwa video ya injini ya dizeli ikinguruma, na chini yake ujumbe: stima imefika, mota mpya ya umeme inafungwa, hii injini inaenda kwa watu wa vyuma chakavu Jumatatu, kama unajua mtu anaitaka aseme haraka.

Nehemiah alikuwa na gitaa la mteja mkononi, amelitengeneza waya. Video ilikuwa ikijirudia pale mezani kati ya simu zilizofunguliwa vifua. Vidole vyake vilianza kupiga wimbo wa zamani bila yeye kuviambia. Akaulegeza uzi mnene kidogo, ukaingia kwenye mngurumo. Na wimbo ukasimama. Ule wimbo uliokataliwa na redio, na baa, na emsii wote wa Trans-Nzoia, ulisimama pale kwenye meza ya kutengenezea simu ukiwa mzima, una miguu na tumbo.

Aliacha kupiga. Aliizima video, akapiga tena: mtupu. Akaiwasha: mzima. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua simu yake alimkuta amefunika uso kwa mikono, akarudi nyuma polepole.

Kumbe kinu ndicho kilichokuwa kikipiga besi. Miaka sita yote walikuwa watatu. Watu walipouliza wenzenu wako wapi walikuwa na haki ya kuuliza, masikio yao yalikuwa yakikosa kitu, na wao wawili, waliotunga kila wimbo ubavuni mwa ile injini, hata jukwaani waliisikia vichwani mwao, hawakuwahi kujisikia bila yake mpaka walipoketishwa kati ya magodoro ya Eldoret. Na pale, aliyeona alikuwa mmoja. Akasema. Akaambiwa wacha bana.

Nehemiah alimpigia Linet, akamwomba Jumamosi asage kwa dizeli mara ya mwisho, ili arekodi nyimbo nne zilizokuwa nzuri kuliko zote. Linet alikubali mradi asizuie wateja. Kilichobaki ni Phelista, na Alhamisi Nehemiah alifunga kibanda akaenda Bungoma.

Agrovet yake iko upande wa soko, imepakwa kijani, harufu ya mbolea na chakula cha kuku mpaka barabarani. Phelista alikuwa nyuma ya kaunta akimhudumia mama mmoja. Alikuwa amenenepa kidogo, amefunga kitambaa kichwani, na miwani imening'inia kifuani. Nehemiah alisimama mlangoni.

"Karibu, Nehemiah," Phelista alisema, utadhani waliagana jana. "Ngoja nimalize na mama. Ni tone moja kwa kila kifaranga, mama, si kijiko. Ukiweka kijiko utaamka hauna kuku."

Alimaliza na mama, akahudumia mzee wa mbegu, akahudumia kijana wa dawa ya kupe. Ndipo akaketi.

"Haya. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Ni kinu ya Kiminini. Inatolewa." Nehemiah aliweka simu kwenye kaunta, akaiwasha video.

Phelista alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. "Wamekata belti," akasema.

"Ati?"

"Zamani ilikuwa ndefu. Hii inapiga haraka kidogo."

Nehemiah, mtu anayekula kwa kusikiliza redio zilizoharibika, alikuwa ameirudia video hiyo mara mia na hakuwa amesikia.

"Phelista," akasema, "ile shida ya Eldoret ilikuwa kinu. Hatukuwa wawili. Kinu ndio ilikuwa besi yetu, na sisi hatukujua."

"Mimi nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Eldoret. Si nilikwambia?"

"Nilidhani umekasirika."

"Nilikuwa nimekasirika. Na nilikuwa nakwambia ukweli. Mtu anaweza kufanya zote mbili."

Gari la kubeba miwa lilipita nje, vioo vya kaunta vikatetemeka. Nehemiah alisubiri lipite.

"Nilikosea," akasema. "Nilikubali wakufute na ulikuwa umeenda kutununulia soda. Kila siku nafikiria hiyo soda. Nisamehe."

Phelista alivaa miwani, akavua. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, lakini ndani ya agrovet kila mtu ana macho mekundu. "Na sasa?"

"Jumamosi ndio siku ya mwisho ya ile injini. Dramu zako bado ziko kwa stoo. Nimeomba kanisa maikrofoni mbili na mashini ya kurekodi. Nyimbo nne tu, Phelista. Zitoke vile zilikuwa. Hata kama hakuna mtu atasikiza, ziwe mahali."

"Sasa wewe umekuja kuniomba msamaha ama umekuja kuniomba dramu?"

"Si umesema mtu anaweza kufanya zote mbili."

Alikaribia kucheka. Nehemiah aliona pembe ya mdomo ikipanda, na kwa muda huo mfupi alikuwa na miaka ishirini na mitano. Kisha mteja akaingia akiuliza bei ya dawa ya viwavi, na Phelista akainuka.

"Jumamosi niko na duka," akasema. "Salimia mama yako."

Jumamosi saa tatu asubuhi Nehemiah alikuwa Kiminini. Alifagia stoo, akatundika maikrofoni moja juu ya dramu na nyingine kwenye tundu la ukuta linalotazama injini. Dramu zilikuwepo zote, zimevaa unga wa miaka tisa, isipokuwa ile kubwa ya mguu, ambayo ilikuwa imetobolewa upande mmoja, na ndani yake kuku wa Linet alikuwa anaatamia.

"Huyo usimguse," Linet alimwambia. "Amebakisha siku nne."

Saa nne ikapita, na saa sita. Wanawake walikuja na mahindi, wakasagiwa, wakaenda. Nehemiah alikaza nyuzi, akazilegeza, akazikaza. Kila gari lililosimama barabarani alitoka kuangalia. Saa nane Linet alikuja kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Huyu mtu wako anakuja ama hakuji? Wateja wamebaki wanne. Wakiisha nazima, dizeli haitoki kwa mto."

"Atakuja," Nehemiah alisema, na hakuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo.

Alikuja saa nane na nusu, kwa bodaboda kutoka barabara kuu, vijiti vya dramu vimefungwa kwenye mfuko wa chakula cha kuku. Alimsalimia Linet kwa mikono miwili, wakapeana pole za mzee Eliakim. Aliingia stoo, akamwona kuku, akavuta kiti akaketi kama ilivyo, bila dramu ya mguu. Alitazama juu, akaiona maikrofoni.

"Hiyo toa," akasema.

"Phelista."

"Nitapiga zote nne. Lakini hakuna kurekodi. Ile ingine ulirekodi ukanifuta. Hii hakuna mtu atafuta, kwa sababu haitakuwa mahali pa kufutwa."

"Leo ndio mwisho. Jumatatu hii injini ni vyuma. Tukipiga bila kurekodi, zimeenda."

"Najua."

Upande wa pili wa ukuta Linet aliita kwamba amefika debe la mwisho la mteja wa tatu, na baada yake amebaki mmoja tu. Nehemiah aliitazama ile mashini ya kurekodi, taa yake ndogo nyekundu ikiwaka. Tangu Jumanne alikuwa amelala na kuamka na kitu kimoja: nyimbo nne, zimekaa mahali, ili siku moja mtu fulani asiyemjua azipate kama yeye alivyoipata ile kaseti isiyo na jina. Alitamani hilo mpaka meno yakamuuma. Na pale, hatua mbili kutoka kwake, Phelista alikuwa amekaa na vijiti magotini, anangoja aone atafanya nini safari hii.

Alichomoa nyaya. Alizikunja, akashusha maikrofoni zote mbili, akazitoa nje ya mlango kabisa.

Phelista aligeuza shingo kuelekea ukutani, akasikiliza belti, akaingia.

Sitakudanganya kwamba ulikuwa muziki safi. Mikono yake ilikuwa imekaa miaka tisa ikipima mbegu, na mwanzoni ilisita. Lakini injini ilikuwa pale chini, pana na nzito, na baada ya ubeti mmoja mgongo wa Nehemiah ukapata joto. Linet alimwaga mahindi. Injini ililemewa, belti ikavuta, ta... ta... ta..., na Phelista akavuta nayo, kipimo kile kile. Nehemiah alisikia, na akaelewa. Eldoret hakuwa akilegea. Alikuwa akiungojea mzigo wa mahindi ambao haukuwepo, mara kumi na moja, na yeye mwenzake akakaa kwenye kochi akimhesabia makosa.

Walipiga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanawake wawili waliokuwa nje waliingia wakasimama mlangoni na ndoo zao. Mmoja wao akaanza kutingisha kichwa. Walikuwa katikati ya wimbo wa nne unga wa mwisho ulipoisha, na Linet, ambaye alikuwa amesema mapema, akazima injini.

Mngurumo ulishuka, belti ikapiga mara chache za mwisho, ikasimama. Nehemiah aliinua mkono kutoka kwenye nyuzi, kama walivyofanya miaka yote sita. Kinu kikinyamaza, nao hunyamaza.

Phelista hakunyamaza. Aliendelea, macho chini, mwendo ule ule, kwenye stoo iliyo kimya. Nehemiah alibaki na mkono hewani. Hakuna belti ya kushikilia, hakuna mngurumo, kulikuwa na yeye tu. Akaurudisha mkono. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakusikiliza kitu kingine chochote ila mikono ya yule mwanamke. Alipokwenda, naye alikwenda. Walipofika kwenye kiitikio hakukuwa na debe la kumwaga, lakini Phelista alipunguza mwendo vilevile, mwenyewe, na Nehemiah akapunguza pamoja naye, na wimbo ukasimama. Haukuhitaji kinu. Ulihitaji mtu wa kumfuata tu.

Waliumaliza. Nje jogoo fulani aliwika ovyo, na kuku ndani ya dramu akabadilisha mkao. Nehemiah alikuwa akilia waziwazi, na hakuwa na nguvu za kujifuta.

"Ilikuwa inawezekana," akasema. "Hata Eldoret. Ningekufuata tu."

"Ilikuwa inawezekana," Phelista alisema.

Hakuyasema kwa ukali. Aliweka mkono wake begani kwa Nehemiah, akauacha hapo kwa muda, mkono mzito, wa moto, umejaa unga. Kisha akauondoa. Aliviweka vijiti juu ya dramu ndogo, akavilaza sambamba, bila kuvirudisha kwenye mfuko. Alikung'uta sketi yake, akaenda mlangoni, na Nehemiah akamsikia akimuuliza Linet magari ya Bungoma siku hizi yanasimama upande gani wa barabara.